"Me" si neno la kukosa adabu

Barua za maombi ya kazi ninazoletewa kuhariri zina sentensi moja isiyokoma: "The manager gave my colleague and I a certificate." Nikiandika "me" mahali pa "I", mwenye barua hunijia juu: "Mwalimu, 'me' si Kiingereza cha heshima."

Heshima haihusiki hapa hata kidogo. "I" ni mtenda. "Me" ni mtendwa, au hufuata kihusishi, yaani neno kama "between" au "in". Mwondoe huyo mwenzako kwenye sentensi, kisha soma kwa sauti: "The manager gave I a certificate." Umesikia? Basi mwenzako akirudi, sarufi inabaki ileile: "my colleague and me". Ndiyo sababu ni "between you and me", na barua pepe huishia "contact Asha or me".

Chimbuko la kosa nalijua. Darasani mtoto alisema "Me and Juma went", akakemewa, na mwalimu alikuwa na haki, kwani pale wote wawili ni watenda. Mtoto akaondoka na kemeo, sababu akaiacha darasani. Kiswahili nacho hakitupi msaada: "mimi na Juma tulikwenda", "alituona mimi na Juma", mimi ni yuleyule. Hata "ni" ya "nilimwona" na ya "aliniona" haibadiliki umbo, hubadili nafasi tu. Wala usiniambie umemsikia Mwingereza akisema "between you and I". Wapo wengi wanaosema hivyo, kwa hofu hiyohiyo ya "me". Katika barua rasmi, tumia kipimo nilichokupa.

Wengine hudai sentensi haiishii na kihusishi. Mshairi Mwingereza John Dryden aliulalamikia mtindo wa kuishia hivyo mwaka 1672, na waliomfuata wakaligeuza lalamiko kuwa sheria. "The house I live in" ni Kiingereza safi kabisa, iache.

Ritifaa, kile kialama (') cha juu, si alama ya umiliki kila mahali. "It's" ni "it is" au "it has", basi. Cha kitu ni "its", kama "his" na "hers" zisivyo na ritifaa.

Na "borrow me your pen"? Kuazima kwetu huenda pande zote mbili, Kiingereza kimezigawa. Anayetoa ana "lend", anayechukua ana "borrow". Mwambie mwenye kalamu: "Lend me your pen."