Stadi iliyokatika kwenye ekzosi ya lori: namna ya kuitoa bila kuharibu hedi, na rangi inayodumu

Lori kuukuu likiwashwa asubuhi likatoa mlio wa "tik-tik-tik" unaofifia kadiri injini inavyopata moto, angalia manifoldi ya ekzosi (bomba la chuma linalokusanya moshi kutoka kwenye injini) kabla ya kuzilaumu vali. Mulika pale manifoldi inapokutana na hedi, yaani sehemu ya juu ya injini. Mstari mweusi wa masizi ndiyo njia ya gesi inayovuja, na mara nyingi hapo hapo utakuta stadi (boliti isiyo na kichwa inayoshikilia manifoldi) imekatika, hasa ya kwanza au ya mwisho. Manifoldi ndefu ya chuma cha kusubu hutanuka na kusinyaa kwa urefu kila injini inapowaka na kupoa, na stadi za ncha mbili ndizo zinazovutwa zaidi. Uvujaji huo usiachwe. Kwenye injini ya turbo nguvu hupungua na moshi huwa mweusi. Mbaya zaidi, gesi ya monoksidi ya kaboni haina harufu, na inaweza kupenya hadi kebini.

Nati zilizobaki zifunguliwe kwa subira, maana nyingine nazo ziko karibu kukatika. Kutu hujaa kwenye hesi, yaani mifereji ya mzunguko ya stadi na nati, kwa sababu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Sugua kwa brashi ya waya, weka mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi. Tumia soketi ya pembe sita; ya pembe kumi na mbili hula kona za nati. Ikikaza, usiongeze bomba kwenye mpini. Kaza kidogo, legeza kidogo, ongeza mafuta, endelea hivyo hivyo. Ukisikia stadi inajinyonga kama mpira badala ya kuzunguka, simama hapo hapo: iko karibu kukatika.

Njia inayofuata ni moto wa gesi. Futa kwanza mafuta yote uliyopaka, kwani yanawaka. Pasha nati, au chuma kinachozunguka stadi, hadi kiwe chekundu hafifu, kisha kiache kipoe kidogo kabla ya kujaribu. Ila kama hedi ni ya alumini, moto huo usiufikirie kabisa: alumini huyeyuka karibu nyuzi 660 za Selsiasi na haibadiliki rangi kukuonya. Pia usitumie dawa ya kusafishia breki yenye klorini karibu na moto. Mvuke wake ukiungua hutoa gesi ya sumu kali.

Kipande kilichobaki ndani ya hedi kisikutie haraka ya kuchukua drili. Kwanza jaribu kuchomelea, hata kama kipande kimelingana na uso wa hedi au kimezama kidogo. Fungua waya hasi wa betri. Weka washa juu ya kipande, uichomelee kupitia tundu lake, kisha weka nati juu ya washa na uichomelee kwa ndani. Joto la kuchomelea lenyewe huvunja mshiko wa kutu. Subiri wekundu uishe, halafu zungusha huku na huku kwa spana. Nati ikibanduka, chomelea nyingine. Mara tatu nne ni jambo la kawaida, na bado ni nafuu kuliko hedi.

Kuchomelea kukishindikana ndipo drili iingie. Sawazisha uso wa kipande kwa tupa, tafuta katikati, piga alama kwa senta panchi. Alama ikienda pembeni hata milimita moja, biti itaacha chuma kigumu na kuingia kwenye hedi iliyo laini zaidi. Anza na biti ya milimita 3, mwendo wa polepole, mafuta ya kukatia, drili ikiwa wima juu ya uso. Biti zinazokata kwa kuzunguka kushoto zinafaa zaidi, kwani wakati mwingine hukitoa kipande kabla hujamaliza kutoboa. Pima kina kwa stadi nzima ya jirani na ufunge utepe kwenye biti, maana baadhi ya matundu hufika kwenye njia ya maji. Kwa stadi ya M8 (kipenyo cha milimita 8) yenye hesi ya hatua ya milimita 1.25 ishia biti ya milimita 6.8, kwa M10 ya 1.5 ishia 8.5, kisha safisha hesi kwa tapu, kifaa cha kukatia hesi ndani ya tundu. Hesi zikiwa zimeliwa, weka hesi ya koili, yaani koili ya waya inayochukua nafasi ya hesi zilizoharibika.

Vile vichomozi vyembamba vya kutolea stadi, vya kugongwa ndani ya tundu, hatuvipendekezi. Ni vya chuma kigumu sana: kikikatikia ndani, biti ya kawaida haikikwaruzi, na kazi ya saa moja inakuwa ya karakana ya mashine.

Manifoldi ikiwa nje ndiyo nafasi ya rangi. Kwanza weka rula ya chuma juu ya uso wake na upime mwanya kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya). Iliyopinda ipelekwe kuchongwa, vinginevyo stadi mpya zitakatika tena. Rangi ya silva ya kawaida hubabuka, kwa hiyo nunua ile ambayo kopo lake linasema inastahimili nyuzi 600 au zaidi. Ondoa kutu hadi chuma kiwe kijivu, kwa kupuliza mchanga au brashi ya waya ya mashine. Futa kwa asetoni, na usiguse tena kwa mkono mtupu, kwani jasho na grisi huacha madoa ya kubabuka. Usipake praima ya kawaida. Ziba uso wa gasketi na hesi kwa utepe. Puliza tabaka mbili au tatu nyembamba. Tabaka nene hutoa malengelenge.

Unaporudisha, weka stadi na gasketi mpya, paka grisi ya shaba kwenye hesi, na kaza kuanzia katikati kwenda ncha kwa kipimo cha kitabu cha injini. Rangi hii hukomaa kwa joto tu. Lori likiwa nje, washa injini ingurume bila kukanyaga mafuta dakika 10, izime ipoe dakika 20, washa tena dakika 20, ipoe, kisha dakika 30, isipokuwa kopo likisema vingine. Moshi kidogo utatoka. Injini ikishapoa kabisa, pima tena mkazo wa nati zote, kwa sababu gasketi mpya hubonyea baada ya joto la kwanza.