Miaka sabini ambayo kalenda huiruka: dhana potofu kuhusu kusoma Maandiko na kuandika imani

Dhana: Mstari ulionigusa uliandikwa kwa ajili yangu.

Chukua Yeremia 29:11. Umo kwenye kalenda za ukutani, kwenye kioo cha nyuma cha daladala, kwenye kadi za mahafali: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA." Kiswahili chenyewe kimeshatoboa siri: kimesema *ninyi*, hakikusema *wewe*. Hata hivyo tunausoma kana kwamba bahasha ina jina letu.

Na kweli ni barua. Yeremia, akiwa Yerusalemu, aliwaandikia watu ambao Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliwachukua mateka hadi Babeli, akawapa Elasa na Gemaria waipeleke. Anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuzaa, tena wauombee mji uleule uliowateka. Mstari wa 10, ambao kalenda huuruka, unataja muda: miaka 70. Maana yake wengi walioisikia barua hiyo ikisomwa wangezikwa hukohuko.

Sura moja nyuma yuko nabii mwingine, Hanania, aliyetangaza kwamba mambo yangekwisha ndani ya miaka 2. Yeremia alimwambia wazi kuwa anawatumainisha watu maneno ya uongo. Kwa hiyo nikiona 29:11 imebandikwa kungojea ajira itakayotoka mwezi huu, naona tumechukua maneno ya Yeremia tukayasoma kwa sauti ya Hanania.

Mimi mwenyewe niliwahi kuutumia mstari huo jumuiyani, nyumbani kwa bibi mmoja mgonjwa. Nilipomaliza akaniomba nimsomee na ule wa juu yake. Nikasoma. Akacheka: "Sabini, mwanangu? Basi huo ni wa wajukuu." Alikuwa ameuelewa kuliko mimi niliyekesha nauandaa.

Dhana: Basi asiyesomea theolojia asifasiri kitu.

Hapa hutolewa 2 Petro 1:20, kwamba unabii haufasiriwi kama apendavyo mtu fulani. Sawa, lakini endelea mpaka mstari wa 21, utaona hoja kubwa ni unabii ulikotoka, wala haimkatazi mama wa jumuiya kufungua Biblia yake. Waberoya, wale Wayahudi wa mji wa Beroya katika Matendo 17, walimsikiliza Paulo, kisha wakaenda kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo, na Biblia yetu ikawaita waungwana kwa sababu hiyo hiyo. Upande wa pili yuko yule towashi wa Ethiopia kwenye njia ya Gaza, anasoma Isaya garini, anakiri: "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Filipo, mhubiri aliyemkuta njiani, hakumnyang'anya kitabu. Alipanda, akaketi naye.

Dhana: Biblia imesema "jisaidie nami nitakusaidia".

Haikusema, popote. Wala haikusema fedha ni shina la mabaya. Ni *kupenda* fedha (1 Timotheo 6:10).

Dhana: Maneno ya Kiswahili yako wazi, hayahitaji kuulizwa.

Tangu mmisionari Krapf aanze kutafsiri kitabu cha Mwanzo kule Mombasa mwaka 1844 hadi Biblia ya Union ya 1952, kila mtafsiri alilazimika kuchagua maneno. Neno moja nalipenda sana: boriti, ile ya Mathayo 7, iliyo jichoni mwa anayetaka kumtoa mwenzake kibanzi. Kwa mtu wa Lamu au Unguja, boriti ni mti wa mkoko unaobeba dari. Urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba katika nyumba za kale za mawe. Sisi tuliokulia chini ya mabati tulilisikia kanisani tu, tukadhani ni kibanzi kikubwa kidogo. Hebu piga picha: mti wa kutoka ukuta hadi ukuta, umo jichoni mwa mtu, naye ameinama kumkagua jirani! Yesu alikuwa anachekesha watu. Miaka mingi niliusoma mstari huo nimekunja uso.

Dhana: Anayeandika kuhusu imani awe hana shaka, tena asibadilike.

Zaburi 88 inaishia gizani, bila "lakini". Yule baba katika Marko 9, aliyemletea Yesu mwanawe mgonjwa, alisema "naamini" na "kutokuamini kwangu" kwa pumzi moja. Augustino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste, Algeria ya leo, alipokuwa mzee alikaa akapitia vitabu vyake kimoja kimoja na kuonyesha alipokosea. Na mtunzi wa Al-Inkishafi, utenzi wa kale wa Kiswahili, akitazama magofu ya mji wa Pate, ambako madaka (vishubaka vya ukutani) yaliyopangwa vyombo vya thamani sasa ndege wanalelea makinda humo, aligeuka akausemesha moyo wake mwenyewe.

Hapo ndipo kalamu yangu inapokwama. Rasimu zangu hujaa "tunapaswa": tunapaswa kusamehe, tunapaswa kuomba bila kuchoka. Nikiikuta mara tatu kwenye aya moja najua nimejificha nyuma ya wingi. Nageuza kila *tu-* iwe *ni-*, kisha nahesabu sentensi ambazo bado naweza kuziandika bila kuona haya. Wiki iliyopita zilibaki mbili.