Mluzi wa mota yenye inverta: yanayosemwa na ukweli wake

Katika magorofa ya Nairobi, iwe Kilimani au Roysambu, maji hupandishwa kwa pampu, na baadhi ya pampu hizo huendeshwa kwa inverta inayodhibiti kasi. Inverta ikishafungwa, mpangaji wa chini husikia mluzi mwembamba ambao haukuwapo. Ushauri anaopewa mwenye nyumba hapo mara nyingi humla pesa bure.

Dhana: Mota inapiga mluzi, kwa hiyo imeharibika na nyaya zake zisukwe upya.

Mota nzima kabisa hupiga mluzi ikilishwa na inverta. Umeme wa Kenya Power ni wimbi laini la hezi 50. Inverta huunda wimbi lake kwa kuwasha na kuzima swichi maelfu ya mara kwa sekunde, na mapigo hayo hukitetemesha chuma cha ndani ya mota. Swichi zikipiga mara 2,000 hadi 4,000 kwa sekunde, sauti huangukia pale ambapo sikio la binadamu ni jepesi zaidi. Kusuka nyaya upya hakugusi chanzo hicho.

Fundi makini hupima kwanza. Inverta huwekwa iiachie mota isimame yenyewe, kisha huzimwa. Mluzi ukikatika papo hapo huku mota bado inazunguka, chanzo ni swichi. Kelele ikififia pamoja na kasi, kagua beringi, feni na kapilingi (kiungo cha mota na pampu).

Dhana: Pandisha frikwensi ya swichi (idadi ya mapigo yake kwa sekunde) hadi mwisho, kelele itaisha.

Mluzi hupungua kweli, lakini inverta hupata joto zaidi, hasa ikiwa ndani ya kisanduku kisichopitisha hewa, na umeme unaovujia kwenye ardhi huongezeka. Panda hatua kwa hatua, ukifuata jedwali la mtengenezaji linaloonyesha mzigo wa inverta upunguzwe kiasi gani kwa kila frikwensi.

Dhana: Mota ikienda polepole, lazima itulie.

Feni ya mota hutulia sana: kasi ikipungua nusu, kelele yake hushuka kwa takriban desibeli 15. Hata hivyo, kuna kasi fulani ambayo mabomba na fremu huitikia mtetemo na jengo zima likavuma. Inverta nyingi zinaweza kupangwa ziiruke kasi hiyo. Raba chini ya pampu na kiungo laini kwenye bomba husaidia pia. Naviona vikisahauliwa mno.

Kichujio cha sine, yaani kifaa kinacholainisha wimbi la inverta, kikiwa kati ya inverta na mota huondoa karibu mluzi wote, ila ni ghali. Kikifungwa, frikwensi ya swichi isishushwe chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko chake.