Baba Hajifanyi Kusahau

Wiki hii nimeambiwa tena na mtoto wa mgonjwa wa kiharusi, mbele ya mgonjwa mwenyewe, kwamba mzee anajifanya. Ushahidi ni ule ule ninaoletewa na familia nyingi katika kazi hii ya utengamao, yaani kumsaidia mgonjwa arudie shughuli zake: anasimulia vita vya Kagera vya mwaka 1978 na majina ya askari wenzake, lakini ukimuuliza kama amekunywa uji, atasema hajapewa kitu tangu asubuhi.

Hajifanyi. Jambo jipya ili likae kichwani linahitaji hipokampasi na thalamasi, sehemu za ndani ya ubongo zinazotegemea sana mishipa ya damu ya upande wa nyuma. Kiharusi kikizipiga, ya miaka mingi yanaweza kusalimika huku ya leo yakikosa pa kushika. Mwanasaikolojia Mfaransa Théodule Ribot aliliandika hilo mwaka 1881. Tena kiharusi cha namna hii kinaweza kuacha mkono na mguu vikiwa na nguvu, ndiyo maana ndugu hudhani mzee amepona.

Linaloniudhi zaidi ni kumwita muongo. Mzee ambaye hajavuka mlango anaeleza, kwa uhakika kabisa, kwamba asubuhi alikwenda sokoni. Ubongo wake umeziba pengo kwa kipande cha kumbukumbu ya zamani, naye hana namna ya kutambua kwamba si cha leo. Mkimbishia mbele ya wajukuu, atasahau mlichobishania, lakini fedheha inaweza kukaa naye hadi jioni.

Acheni pia mtihani wa kila mgeni, "Baba, mimi ni nani?" Mwamkie, kisha utaje jina lako na uhusiano wenu. Anayelazimishwa kukisia akakosea anaweza kulishika kosa lenyewe, kwa kuwa kujifunza kwa kurudia hakutegemei kukumbuka. Mmarekani Henry Molaison, aliyepoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya baada ya upasuaji wa mwaka 1953, alifundishwa kuchora nyota akiitazama kwenye kioo, na mkono wake ukazoea siku hadi siku ingawa yeye hakukumbuka kuwahi kuichora. Kwa hiyo daftari likae mahali pamoja, na baada ya uji aandike mwenyewe, kwa mwandiko wake, saa aliyokunywa. Dawa za presha asiachiwe, maana asiyekumbuka kuzimeza atazimeza tena.

Kama kumbukumbu itarudi, siwezi kuahidi. Miezi ya kwanza ndiyo yenye mabadiliko makubwa, lakini nimeona wazee niliowakatia tamaa wakirejea, na wengine niliowatarajia wakabaki pale pale. Ninachosisitiza ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ambayo huwapata takribani theluthi moja ya waliopata kiharusi, huzidisha usahaulifu, na inatibika. Mkimpeleka kliniki, msisubiri kuulizwa: semeni kama halali, kama hali chakula, kama ameacha kusikiliza redio yake, kwa sababu mara nyingi atapimwa presha tu na kurudishwa nyumbani.