Uhakika wa Chakula Si Usalama wa Chakula

Katika mkutano mmoja wa wafanyabiashara wa nafaka hapa Mwanza, ofisa alisoma bei za mahindi na mchele za mwezi mzima, kisha akahitimisha kwamba kwa jinsi debe linavyopanda, usalama wa chakula uko mashakani. Mama muuza unga aliyeketi nyuma yangu akanyoosha mkono: "Samahani mheshimiwa, kwani hayo mahindi yametiwa nini?" Watu walicheka, ilhali mama yule ndiye aliyekisikia Kiswahili sawasawa.

Alichokusudia ofisa ni uhakika wa chakula, yaani hali ambayo watu wote, wakati wote, wanakifikia na kukimudu chakula cha kutosha, kilicho salama na chenye lishe, kinachokidhi mahitaji na mapendeleo yao, ili waishi wakiwa na afya na nguvu za kufanya kazi. Ndivyo ilivyokubaliwa katika mkutano wa dunia kuhusu chakula uliofanyika Roma mwaka 1996, na sina la kuongeza hapo.

Ninalo la kusema juu ya neno lenyewe. "Usalama" limetokana na salama, lenye asili ya Kiarabu, ukoo mmoja na salamu na kusalimika, na kiini chake ni kuepukana na madhara. Tukisema maji haya ni salama, hatusemi kwamba ni mengi wala kwamba ni ya bei nafuu, bali kwamba atakayeyanywa hataugua. "Uhakika" limetokana na hakika, ambalo mzizi wake ndio uliotupa pia haki, na kiini chake ni jambo lililothibiti, lisilo na shaka. Mwenye uhakika wa chakula ni yule anayelala bila kujiuliza kesho atainjika nini. Kosa linaeleweka, kwa kuwa Kiingereza hapo hutumia neno lilelile la usalama wa nchi, yaani "security", na mfasiri mwenye haraka hulibeba lilivyo. Kifaransa, ambacho hutumia neno moja kwa mambo yote mawili, hulazimika kuliongezea sifa ya kiafya kinapotaka kuyatenganisha. Sisi tulijaliwa maneno mawili, na moja tunaliacha lioze ghalani.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba mambo haya mawili yanaweza kwenda njia tofauti kabisa. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walifariki kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi waliyokuwa nayo majumbani mwao. Mahindi yaliyoloana huweza kuuzwa kwa bei ya kutupa kabla kuvu halijaonekana, na anayefuatilia bei peke yake ataandika kwamba hali imekuwa nafuu. Kinyume chake, mahindi safi kabisa yanaweza kujaa sokoni Kirumba huku mvuvi wa pale Mwaloni akiyapita tu, kwa sababu ndoo yake ya dagaa haimnunulii tena kilo alizozoea kupata. (Ndiyo maana bei ya mahindi isiyolinganishwa na kipato cha mnunuzi hueleza nusu ya habari, na bei ya gunia isiyotaja kilo, kwa jinsi lumbesa (magunia yaliyojazwa kupita kipimo) zilivyo, haielezi hata hiyo nusu.) Tatizo la kwanza ni la usalama, na tangu mwaka 2019 msimamizi wake hapa Tanzania ni Shirika la Viwango, TBS. La pili ni la uhakika, na hapo tunawatazama Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula na maghala yao. Bei ikipanda, hakuna anayepeleka sampuli maabara.

Ni kweli kwamba usalama umo ndani ya uhakika, kama maana ile ya Roma inavyosema, lakini kuuita uhakika wote usalama ni sawa na kuiita nyumba mlango.

Baada ya mkutano nilimfuata ofisa na kumpongeza, kwa kuwa taarifa yake ilikuwa nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuziona: bei zimeandikwa kwa kilo, kwa kila soko na kwa kila juma. Nilimwomba abadilishe neno moja tu katika kichwa cha taarifa hiyo. Alinijibu, bila ubishi, kwamba nyaraka zote zinazomfikia zimeandikwa hivyo hivyo. Nikamwambia ninalijua hilo, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo ningefurahi kama angeanza yeye.