Tope la Bandarini: Kabla ya Kuuliza Linamwagwa Wapi

Bandari ya Dar es Salaam inapoongezwa kina, kama ilivyokuwa katika mradi ulioanza mwaka 2017 wa kuboresha gati namba 1 hadi 7, swali ninaloulizwa sana ni tope lile linamwagwa wapi. Mimi huanzia nyuma kidogo: tope lenyewe lina nini?

Bandari yetu imejificha ndani ya mkono wa bahari. Mito ya Kizinga na Mzinga huingia humo kupitia Mtoni, na udongo na uchafu wa mjini ndani yake. Meli nazo huacha mafuta na chembe za rangi. Rangi za zamani za kuzuia viumbe kuganda kwenye matumbo ya meli zilikuwa na sumu ya bati iitwayo tributilitini. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001, ulioanza kutumika 2008, uliipiga marufuku, lakini iliyokwisha kuzama kwenye tope lisilo na hewa huweza kudumu miongo.

Zamisha bomba la sampuli kando ya gati, kisha lipasue kwa urefu. Juu utakuta tope jeusi, laini, linalonuka mayai viza. Chini yake kuna udongo wa kijivu, mzito, unaoganda vidoleni. Chini zaidi ni mchanga wenye vipande vya kombe. Metali kama risasi, zebaki na shaba hung'ang'ania chembe ndogo, hasa zilizo chini ya mikroni 63 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita); mchanga haubebi sana. Kwa hiyo kuchota tabaka zote kwa pamoja ni kuuchafua mchanga ambao ungefaa kujazia ardhi au kurudishiwa fukwe zinazolika.

Wengi huamini kwamba tope chafu likipelekwa nchi kavu bahari imepona na mambo yamekwisha. Hapa nawaomba tuwe waangalifu sana. Lile tope jeusi limejaa salfaidi, yaani misombo ya salfa, na huko chini, bila oksijeni, ndiyo iliyozifunga metali. Lianike juani, hewa iingie: salfaidi hugeuka asidi ya salfa, metali zinaachiwa, na masika yakianza zinateremka pamoja na chumvi kuelekea visima vya watu. Tope la namna hiyo linataka shimo lililozibwa chini na pembeni, maji yake yakisafishwa kabla ya kutoka, au lizikwe baharini chini ya tabaka nene la mchanga safi.

Lililo safi linaweza kumwagwa baharini, ila kwa hesabu. Chembe ya mikroni 10, ikiwa peke yake, huchukua zaidi ya siku nzima kushuka meta 10. Muda wote huo mkondo wa pwani unaisukuma kaskazini, viliko visiwa vya Bongoyo na Mbudya, hifadhi tangu 1975. Matumbawe huishi kwa mwani ulio ndani yao, nao unahitaji mwanga, ambao maji ya tope huuziba. Ndiyo maana ningependa kazi iliyo karibu na miamba ifanyike maji mafu, mkondo unapokuwa dhaifu, si bamvua, unapokuwa na nguvu. Mkondo ukishakuwa mkali, hata pazia la kuzuia tope halisaidii sana. Na wavuvi wenye madema waambiwe mapema.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ifanyike kabla ya mradi, na wananchi wana nafasi ya kutoa maoni. Ripoti ikitoka, fungua kwanza ramani ya sampuli. Ukiona nukta zote ziko katikati ya njia ya meli, na hakuna hata moja kando ya gati wala upande wa Mtoni, andika udai zichukuliwe nyingine.