Je, wajua kwa nini mwanamichezo wa chuo Marekani hupimwa mkojo hata kama hashukiwi?

Polisi wa Marekani akikusimamisha njiani akakudai mkojo bila sababu, katiba iko upande wako. Marekebisho ya Nne ya katiba hiyo yanaikataza serikali kumpekua mtu ovyo, na mahakama za huko zinahesabu kuchukua mkojo kuwa ni upekuzi. Sasa inakuwaje mwanafunzi anayekimbia mita 5,000, ambaye hakuna aliyemshuku kwa lolote, aitwe siku moja kwa sababu tu jina lake limetoka kwenye orodha, akojoe kikombeni huku mtu mzima kasimama anamtazama?

Kwa kifupi, ni kwa sababu alitia saini. Ila saini yenyewe ina mambo, maana mahakama mbili za Marekani ziliwahi kuitazama saini ya aina hiyo, kila moja ikaja na lake.

NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kilipitisha upimaji Januari 1986 na kuanza nao mwaka huohuo, kwenye mashindano ya ubingwa na mechi kubwa za mwisho wa msimu wa futiboli ya Kimarekani. Msimu wa kwanza tu alinaswa mtu mkubwa: Brian Bosworth wa Oklahoma, nyota wa ulinzi, alikutwa na steroidi, dawa za kukuza misuli, akazuiwa kucheza Orange Bowl, mojawapo ya mechi hizo, ya Januari 1987.

Lakini upimaji wa aina hiyo ulikuwa na tundu. Steroidi hazimsaidii mtu siku ya mechi. Zinamsaidia miezi ya mazoezi, anaponyanyua vyuma na mwili kupona upesi. Anayejua tarehe ya kupimwa anaacha dawa mapema, na siku ikifika mkojo wake ni safi ilhali misuli anayo. Ndiyo maana mwaka 1990 NCAA ikaanza kupima mwaka mzima, kwanza kwenye futiboli. Kuchagua watu kwa kubahatisha kunamnyima mjanja kalenda. Ukingoja hadi umshuku mtu, utamngoja sana, kwani aliyetumia dawa hizi hapepesuki wala hanuki kitu.

Zoezi lenyewe halina staha. Mwanamichezo anachagua kikombe kilichofungwa, ananawa, kisha anakojoa mbele ya msimamizi wa jinsia yake, ambaye kazi yake ni kuona mkojo ukitoka mwilini, usije ukatoka kwenye kichupa kilichofichwa ndani ya kaptula. Halafu unapimwa ukolezi. Aliyebugia maji mengi ili amalize haraka hujikuta amejichelewesha, kwa sababu mkojo mwepesi kama maji haupokelewi na inabidi akae hapo mpaka apate mwingine. Unaokubalika hugawanywa chupa A na chupa B. Ya pili hutunzwa, ili ya kwanza ikionyesha dawa pawe na cha kuhakikishia. Akipatikana na dawa za kuongeza nguvu, hukaa nje mwaka mzima. Akirudia, basi tena. Asiyetokea naye huhesabiwa kama aliyepatikana.

Turudi kwenye saini. Kila mwaka mwanamichezo husaini fomu ya kukubali kupimwa, na asiposaini hashindani. Wanamichezo wa Chuo Kikuu cha Stanford walikwenda mahakamani kupinga, na mwanzoni walishinda. Katiba ya jimbo la California inalinda faragha ya mtu hata dhidi ya taasisi binafsi, kwa hiyo hoja yao ilikuwa na mashiko. Hata hivyo, mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya California iliipa NCAA ushindi. Majaji walisema mwanamichezo amekwishazoea kubadili nguo mbele ya wenzake na kupimwa afya na madaktari wa timu, kwa hiyo faragha anayoitarajia ni ndogo. Tena michezo ya chuo si lazima, asiyetaka aache.

Mwaka mmoja kabla, Mahakama ya Juu ya Colorado ilikuwa imeona tofauti. Chuo Kikuu cha Colorado kilikuwa na mpango wake chenyewe wa kupima, na mahakama ikaubatilisha. Ilisema kukubali kwa mtu ambaye akikataa anapoteza nafasi yake kwenye timu, pengine na ufadhili wa masomo, si kukubali kwa hiari. Binafsi naona Colorado walikuwa karibu zaidi na hali halisi. Mtoto aliyetoka Eldoret akapata masomo kwa sababu ya miguu yake hawezi kusema “naacha” kama mtu anayejitoa kwenye kwaya.

Lakini ushindi ule una kichekesho chake. Chuo cha Colorado ni cha umma, kwa hiyo mbele ya sheria ni serikali na kinabanwa na Marekebisho ya Nne. NCAA ni chama binafsi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1988 katika kesi ya kocha Jerry Tarkanian. Kwa hiyo mwanafunzi yuleyule ambaye chuo chake kilizuiwa kumpima kwa kubahatisha, NCAA iliendelea kumpima.

Kwa wakimbiaji wetu wanaosoma huko kuna mtego mwingine: orodha ni mbili. Orodha ya NCAA si ile ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni. Kafeini ikizidi mikrogramu 15 kwa mililita ya mkojo ni kosa NCAA, ila WADA haiizuii. Bangi ni kinyume chake: NCAA iliitoa kwenye orodha ya Divisheni ya Kwanza, daraja lake la juu, Juni 2024, lakini WADA bado inaikataza wakati wa mashindano. Mkenya anayemaliza ubingwa wa vyuo mwezi Juni, kisha akapanda ndege kwenda Nairobi kwenye mchujo wa timu ya taifa, anatua chini ya ile orodha nyingine.